Kuacha Sigara ya Kwenye Usukani

Kuna mvutaji ambaye ametimiza siku 3 bila sigara. Nyumbani hana shida, kazini anajikaza. Anaingia kwenye gari, anafunga mlango, anawasha injini, na kabla hajatoka getini mkono mmoja umeshashuka kupapasa mfuko wa mlango, pale ilipokuwa ikikaa pakiti. Hakuamua. Mkono umekwenda wenyewe.

Hiyo si dalili ya udhaifu wa moyo. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, kwa hiyo ubongo huifungamanisha sigara na chochote kilichokuwa kikiendelea wakati huohuo: sauti ya injini, kioo kinachoshuka, taa nyekundu. Mtu anayevuta 2 kila safari, kwenda na kurudi, amerudia kitendo hicho mara 1,460 kwa mwaka. Na gari ni darasa zuri mno kwa tabia mbaya, maana halibadiliki. Kiti ni kilekile, njia ni ileile, mikono iko palepale, na hakuna wa kukuuliza unafanya nini. Mazoea yana taabu, na haya ya garini yana taabu zaidi.

Kwa sababu hiyo, usingoje siku ya kuacha kabisa ndipo upambane na arosto (taabu ya mwili unaponyimwa nikotini), nyumba, kazi na gari kwa mpigo mmoja. Litenge gari kwanza, wiki 2 kabla. Siku ya kuacha ikifika, gari liwe limeshazoea.

Siku 4 za kuhesabu

Kabla hujabadilisha chochote, jua sigara zako za garini ni zipi. Kila ukishaegesha, andika kwenye kijitabu au simu: uliiwasha wapi, nini kilitangulia, na hamu ilikuwa kali kiasi gani, kutoka 1 hadi 5. Andika baada ya kuzima injini tu, si kwenye foleni.

Siku 4 zinatosha kuonyesha kwamba sigara za garini hazifanani. Kuna ya kuwasha injini. Kuna ya foleni, inayotokana na kukaa bila kazi. Kuna ya barabara ndefu tupu, ambayo mara nyingi ni usingizi unaonyemelea. Kuna ya baada ya simu mbaya. Kuna ya kumngoja mtu ukiwa umeegesha. Na kuna moja ambayo watu huisahau: ya kukaribia kufika, pale dereva anapojaza akiba kwa sababu anajua anakokwenda hatapata nafasi ya kuvuta. Hiyo ya mwisho huwa na alama 4 au 5, maana inatokana na woga wa kukosa. Ya kuwasha injini mara nyingi ni 1 au 2. Ni mazoea matupu, na ndiyo rahisi kuanza nayo.

Sigara ziende kwenye buti

Siku ya 5, pakiti na kiberiti (kiwe cha njiti, si cha gesi) viondoke sehemu ya abiria. Vifungie kwenye buti, ndani ya mfuko wenye zipu. Sheria ni moja: ukitaka kuvuta, tafuta mahali salama pa kuegesha, zima injini, shuka, funga milango, sogea hatua 10 kutoka kwenye gari, uvute ukiwa umesimama. Usiegemee gari, usikae mlango wazi mguu mmoja nje. Ukiegemea, ubongo unahesabu kwamba bado uko garini. Na usisimame kwenye ukingo wa barabara kuu kwa ajili ya sigara. Hamu haijawahi kuua mtu kwa kungoja kituo kinachofuata, lakini lori linalopita pembeni linaweza.

Sheria hii haikukatazi sigara hata moja, na nguvu yake iko hapo. Hamu ya alama 1 au 2 haiwezi kumshusha mtu mwenye haraka, akafungue buti, afungue zipu, atembee. Zitapungua zenyewe.

Inapoharibika, huharibikia kwenye vighairi. Leo mvua inanyesha, basi nitavuta ndani kioo kikiwa wazi. Leo nimechelewa. Leo nimechoka sana. Kighairi kimoja kwa wiki ni kibaya kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu tabia inayolipwa mara mojamoja, bila kujulikana lini, hung'ang'ania kuliko ile inayolipwa kila mara. Mkono ukijifunza kwamba siku nyingine unapewa, utaomba kila siku. Na kioo kilichoshushwa hakisaidii. Upepo hurudisha sehemu ya moshi ndani, kwenye kiti cha nyuma, wanakokaa watoto.

Safisha gari kama unaliuza

Usiifupishe kazi hii. Moshi wa sigara huacha nikotini na vitu vingine kwenye kitambaa, plastiki na kioo, na hutoka taratibu kwa wiki na miezi, hasa gari likipata joto. Ukifungua mlango saa 8 mchana, harufu inayokupokea ni mwaliko. Isitoshe, mabaki hayo ya nikotini yakikutana na gesi fulani za hewani hutengeneza kemikali za jamii ya nitrosamini, ambazo baadhi huleta saratani. Kwa hiyo kuna sababu mbili za kusugua.

Fanya kazi kutoka juu kwenda chini, siku ambayo gari linaweza kukaa milango wazi hadi likauke.

Anza kwa kutoa kisahani cha majivu chote, si kukimwaga tu. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha kiweke nyumbani, usikirudishe. Chomoa na kiberiti cha umeme cha dashibodi, na tundu lake uliwekee chaja ya simu. Ingiza vidole kwenye nafasi iliyo kati ya kiti na kisanduku cha katikati. Hapo ndipo vipisi na viberiti vya gesi hujificha, na kipisi kimoja kilichosahaulika kinatosha kuvutwa usiku wa siku ya 3 ya kuacha. Kiberiti cha gesi usikiache garini kwa vyovyote, kwani kinaweza kupasuka kwenye jua.

Dari lifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye maji na sabuni kidogo. Usilirowanishe. Gundi inayoshika kitambaa cha dari ikilowa huachia, na dari litaning'inia. Futa kwa kugusagusa, sehemu ndogo ndogo, ukibadilisha upande wa kitambaa kila kikigeuka kahawia. Utastaajabu rangi ya maji kwenye ndoo.

Vioo vya ndani vifute mara 2. Mara ya kwanza kwa siki na maji, nusu kwa nusu, mara ya pili kwa maji safi na kitambaa kikavu. Ule ukungu mwembamba unaotawanya taa za magari ya mbele usiku ni mabaki ya moshi, na dereva wengi hudhani ni macho yao. Mkanda wa usalama uvute hadi mwisho, ubane usirudi, uusugue kwa sabuni laini, uuache ukauke kabisa kabla ya kuuachia. Ukirudi mbichi unaota ukungu ndani ya roli lake.

Viti vya kitambaa na mazulia vinyunyizie bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, ikae usiku mzima, kisha fyonza kwa mashine. Manukato ya gari achana nayo wiki hizi. Yanaifunika harufu bila kuiondoa, na ukishazoea mchanganyiko wake, nao utakukumbusha sigara.

Mwisho, badilisha chujio la hewa ya ndani, si lile la injini. Kwa magari mengi limekaa nyuma ya droo ya abiria, na hutoka bila kufungua skrubu nyingi. Chujio la zamani likiachwa, kila ukiwasha kiyoyozi unarushiwa usoni harufu ya mwaka mzima. Baada ya kuweka jipya, washa injini mahali penye uwazi, vioo vyote vikiwa chini, feni iwe kasi ya juu kwa dakika 10.

Dakika 5 za kwanza

Nafasi iliyoachwa na sigara haikai tupu. Usipoijaza, itajijaza. Weka utaratibu mpya wa kuondoka, wenye vitendo vilevile kwa mpangilio uleule kila safari:

1. Kabla ya kuwasha, kunywa maji mafunda 2 kutoka kwenye chupa iliyo kwenye kishikio. Chupa isiwe sakafuni, ikiviringika chini ya breki ni balaa.
2. Funga mkanda, tia chingamu ya kawaida isiyo na sukari mdomoni.
3. Washa kitu cha kusikiliza ulichokichagua jana yake, kisichokuwa redio uliyozoea kuivutia.
4. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, mara 5. Ndipo uwashe injini.

Namba 4 ina siri yake. Sehemu ya utulivu ambao mvutaji huupata kutoka kwenye sigara ni ile pumzi ndefu, ya taratibu, anayoivuta kupitia kichungi. Pumzi hiyo unaweza kuipata bila moshi. Usizuie pumzi na usipumue kwa kasi unapoendesha, maana kizunguzungu kwenye usukani si jambo la kujaribu.

Kama una njia mbili za kwenda kazini, kwa wiki 2 pita ile usiyoizoea, hata kama inaongeza dakika 10. Sogeza kiti kidogo. Kama mkono wa sigara ulikuwa ukiegemea dirishani, uhamishie kwenye usukani na uuache hapo. Mabadiliko madogo kama haya huulazimisha ubongo uendeshe badala ya kukariri.

Hamu ikikukuta njiani

Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na kwa kawaida mzunguko huo ni dakika 3 hadi 5. Barabarani una saa bora kuliko ile ya mkononi, nayo ni umbali. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, dakika 5 ni kilomita 5 kamili. Hamu ikianza, soma namba ya kilomita mara moja ukiwa umesimama kwenye taa, au chagua daraja au mzunguko wa mbele unaoujua, na ujiambie: nikifika pale ndipo nitafikiria tena. Ukifika, mara nyingi imeshapoa. Isipopoa, chagua alama nyingine.

Kwenye foleni, mikono yote 2 kwenye usukani, kamata kwa nguvu sekunde 5, achia, rudia mara 4. Shusha mabega. Kunywa maji ya baridi.

Kuhusu cha kutia mdomoni: chingamu sawa, vipande vya karoti vilivyokatwa nyumbani sawa. Kijiti cha kuchokoa meno, kalamu na pipi ya kijiti hapana. Mfuko wa hewa wa usukani hufumuka kwa muda mfupi kuliko sehemu 1 ya 10 ya sekunde, na kilicho mdomoni kinaelekea kooni. Mbegu za kubangua nazo hapana, zinachukua mkono na macho kama sigara yenyewe. Na tukumbushane ukubwa wa jambo hilo: kwa kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde 3 za kutafuta kiberiti, au za kutafuta kaa la moto lililodondoka mapajani, ni mita 66 bila dereva.

Sigara ya umeme garini siishauri kama mbadala. Inaacha mkono na mdomo vikiendelea na kazi ileile, na mvuke wake huziba macho kwa sekunde chache na kuacha utando kwenye kioo cha mbele.

Dawa za nikotini na saa ya kuondoka

Ukifika siku ya kuacha kabisa, dawa hizi zinasaidia kweli, ila wengi huzitumia kwa wakati usiofaa. Chingamu ya nikotini haifanyi kazi kama sigara. Huchukua dakika 20 hadi 30 kufikia nguvu yake. Anayeitia mdomoni akishanaswa kwenye foleni ataona haifai kitu. Itumie dakika 15 hadi 20 kabla ya kushika usukani.

Anayevuta sigara yake ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu kuamka hutumia ya miligramu 4, wengine ya miligramu 2. Itafune polepole hadi uhisi ukali kama wa pilipili, iache, ibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, tafuna tena, uhamishe upande. Kipande kimoja ni dakika 30, na usizidishe vipande 24 kwa siku. Anayeitafuna kwa kasi kama chingamu ya kawaida huimeza nikotini, na malipo yake ni kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Kahawa, soda na maji ya matunda viache dakika 15 kabla na wakati unaitumia, kwa sababu asidi yake huzuia nikotini kupenya mdomoni. Maji matupu hayana neno.

Kibandiko cha nikotini kinafaa dereva wa safari ndefu, maana hufanya kazi siku nzima bila kuguswa. Aliyekuwa akivuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na cha miligramu 21, hushuka 14, kisha 7, ndani ya wiki 8 hadi 10. Kibandiko pamoja na chingamu kwa nyakati ngumu ni bora kuliko kimoja peke yake. Vyote viwili usivihifadhi kwenye droo ya dashibodi, joto la gari lililoegeshwa juani linaviharibu.

Vareniklini ni dawa ya vidonge ya kuandikiwa na daktari, na kwa kawaida huanzwa wiki 1 kabla ya siku ya kuacha. Baadhi ya watu huwaletea usingizi au kizunguzungu, kwa hiyo usiendeshe hadi ujue inakuchukuliaje. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia theofilini (dawa ya pumu) au klozapini (dawa ya ugonjwa wa akili) aonane na daktari kwanza. Dawa hizo 2 hupanda kwenye damu mtu akiacha kuvuta, na kipimo kinaweza kuhitaji kupunguzwa.

Kahawa, usingizi na siku 3 ngumu

Jambo hili huwachanganya madereva. Moshi wa tumbaku huharakisha ini kuvunja kafeini. Ukiacha, kahawa ileile uliyoizoea inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na kiwango chake kinaweza kufika karibu mara 2. Mtu anatetemeka, moyo unamwenda mbio, usiku hapati usingizi, naye anasema ni arosto. Huenda ni kikombe cha nne. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya saa 8 mchana usinywe.

Arosto yenyewe huwa kali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hulegea katika wiki 2 hadi 4. Katika siku hizo 3 umakini unapungua na hasira iko karibu. Panga usiwe na safari ndefu, toka dakika 15 mapema kuliko kawaida, na ukiona umeanza kupigana honi na watu, tafuta pa kuegesha. Usingizi ukikujia barabarani, usidanganyike kwamba sigara ingekuamsha. Dawa ya usingizi ni kulala: egesha mahali salama, dakika 15 hadi 20.

Dereva wa lori au basi asimame kila baada ya saa 2, kwa dakika 15. Hatari yake iko kwenye kusimama kwenyewe, kwa kuwa vituo ndipo wenzake wanapovutia. Egesha upande usio na kikundi, tembea, nawa uso, kula kitu. Msaidizi au abiria anayevuta aambiwe kabla ya safari, kwa sauti ya kawaida: "Humu hatuvuti tena. Ukitaka niambie, nitasimama mbele dakika tano." Ukingoja hadi ameshawasha, utakuwa umechelewa, na moshi utakuwa umeshakufikia.

Ukiteleza

Umevuta moja. Egesha, zima injini, shuka. Pakiti iliyobaki iloweshe maji kabla ya kuitupa, ili usirudi kuiokota. Shusha vioo vyote. Kisha, ukiwa bado umesimama, andika nini kilitangulia, kama ulivyofanya zile siku 4. Kibandiko usikivue kwa sababu ya sigara moja. Endelea na mpango siku hiyohiyo, maana anayesema "nitaanza upya Jumatatu" huvuta hadi Jumatatu.

Miezi ikipita, kutazama kwako kuelekee kwenye safari zisizo za kila siku: ya usiku, ya msiba, ya kuendesha gari la mtu mwingine. Gari la kuazima halijapitia darasa lako. Kabla ya kuliwasha, fungua kisahani cha majivu na mfuko wa mlango, toa kilichomo ukampe mwenyewe, weka chupa yako ya maji kwenye kishikio, na uanze na mafunda 2.